Papa Mbuzi na Kielelezo Namba Moja

Mbarara,
Jumapili, tarehe 9 Machi 2025

Papa yangu mpenzi,

Jambo sana, na Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, ninakula vizuri mpaka sketi ya kazi imeanza kulalamika kiunoni. Wewe je? Mgongo unasemaje? Mama anakunywa dawa zake za presha, au amerudia kusema kwamba presha ni ugonjwa wa watu wa mjini? Mihogo ya kule bondeni imefikia wapi? Na wajomba wa Masha, wameshamleta yule ndama waliyemwahidi Krismasi, au bado hajazaliwa? Wasalimie wote, mmoja mmoja, kwa majina, maana ukiniambia umewasalimu kwa jumla najua hukuwasalimu.

Najua unaigeuzageuza barua hii mkononi na kujiuliza. Mtoto ana simu, baba ana simu, mtandao siku hizi unafika mpaka kwenye mihogo, barua ya nini? Papa, sababu ni wewe mwenyewe. Kila nikikupigia unaweka simu kwa sauti kubwa, unaiinua juu, na barabara yote inanisikiliza. Mwezi wa kwanza nilikuambia kidogo tu kwamba nina upele mgongoni, na kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa nimepigiwa na mama watatu wa kwaya, kila mmoja na majani yake ya kuchemsha. Jambo la leo nataka ulisome kwanza peke yako, umevaa miwani, umekaa.

Kabla sijafika huko, naomba kitu kimoja. Acha kuwaambia watu kwamba mimi ni juji. Mimi si juji, Papa. Juji ni yule anayekaa juu na kuandika. Mimi ni mwendesha mashtaka, yule anayesimama chini na kusema kwa niaba ya serikali kwamba fulani amekosa. Tena ni mwendesha mashtaka wa ngazi ya chini kabisa, niko kwenye miezi sita ya majaribio, na kesi ninazopewa ni zile ndogo ndogo ambazo wakubwa hawazitaki. Wauaji siwaoni. Ninaowaona ni wanaume wawili waliong'atana sikio kwa ajili ya mpira, mwenye boda asiye na leseni, wamama waliopigana kwa majerikeni kwenye bomba la maji, na mtu mmoja aliyemuuza mbuzi mmoja kwa watu wawili halafu akamla mwenyewe. Yule wa mbuzi nilimpenda, Mungu anisamehe. Alijitetea kwamba wanunuzi walichelewa kuja.

Na kazi naipenda, siwezi kukuficha. Asubuhi nikivaa koti jeusi na kubeba mafaili, hata wanaouza chapati kwenye kona wananipisha njia. Mkubwa wangu ni Bi Kyomuhangi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Yeye ndiye atakayeandika ripoti mwezi wa tano, nibaki au niende. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa na neno moja tu kichwani: kushinda. Kesi ya kwanza nilishinda, ya pili nikashinda, nilipofika ya tisa nikaanza kutembea kama mwenye kiwanja. Haya, kumbuka hapo.

Sasa najua kuna habari zimekufikia. Nakivale habari inafika kabla ya boda iliyoibeba. Bila shaka umeambiwa kwamba binti yako ameshindwa kesi na kuku, na kwamba jina lako limetajwa mahakamani mbele ya watu wote. Papa, yote mawili ni kweli. Ngoja nikueleze polepole.

Mahakama yetu mara nyingine inasafiri. Tunapakia mafaili kwenye gari na kwenda kuketi huko huko kambini kwenu Nakivale, ili wakimbizi wasipoteze siku nzima kuja mjini. Mwezi wa kwanza tulikwenda upande wa Juru, ambako wewe hupiti mara nyingi. Huko kuna mama mmoja Mrundi, anaitwa Pulchérie. Ana cherehani, ana watoto watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Alikuwa ameshtakiwa kwa wizi wa sufuria.

Usicheke. Si sufuria ya kupikia chai. Ni ile ya harusi, ambayo ikijaa wali wanaume wanne wanaibeba, na mwenyewe ni bibi mmoja anaitwa Nyirabizimana, ambaye huiazimisha kila mwenye sherehe tangu alipofika kambini. Upande ule mtu akisema amekula kwa Nyirabizimana, maana yake amekula harusini. Pulchérie aliiazima kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Yeye alisema aliirudisha Jumatatu saa sita mchana, na kwa kuwa bibi alikuwa amekwenda kwenye foleni ya chakula, aliifunika chini kando ya mlango wa jiko akaondoka. Hakuna aliyemwona. Jumatano bibi alitafuta sufuria yake asiione, akapandisha hasira, akasema mbele ya watu kwamba Pulchérie ni mwizi.

Jioni ileile Pulchérie alibeba kuku, akaenda kwa bibi, akapiga magoti.

Wewe huhitaji kuambiwa kuku yule alikuwa wa nini. Kwetu, na kwa Warundi pia, mkubwa akikasirika mdogo haendi kubishana naye mikono mitupu. Anabeba kuku, mkubwa anapokea, anakaa, anapoa, ndipo maneno yanaanza. Kuku hasemi nani amekosa. Kuku anaomba kikao. Mimi nilijua hivyo tangu nikiwa na miaka kumi, tena wewe ndiye uliyenifundisha, na siku uliyonifundisha nitaifikia mbele kidogo.

Lakini kabla kikao hakijakaliwa, mkwe wa bibi alikuwa ameshawaita polisi. Askari aliyekuja ni kijana wa mbali, wa mashariki huko, mtu mzuri tu. Aliuliza yaliyotokea, na bibi akamweleza yote kwa mpangilio: sufuria imepotea, nimemtaja Pulchérie, Pulchérie ameniletea kuku. Askari akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kwa kuku. Akamchukua kuku, akamfunga kikaratasi mguuni, akamweka stoo ya kituo: Kielelezo Namba Moja. Askari hakuuliza maana yake, bibi hakuona haja ya kueleza kitu ambacho hata mtoto anakijua, na faili likaja kwangu.

Nikalisoma. Nikacheka. Halafu nikaona kwamba bila kuku sina kesi, na nikiwa na kuku ninayo nzuri sana.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hakimu wetu ni mama wa kaskazini, mpole, mwenye miwani ya kamba, ambaye amehamia huku juzijuzi tu. Pulchérie hakuwa na wakili. Alisimama na mtoto mgongoni. Nilimuuliza, kwa heshima kabisa, kama ni kweli alipeleka kuku. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama kuna mtu alimlazimisha. Akasema hapana. Nikauliza kama alimpeleka kabla ya mtu yeyote kutaja polisi. Akasema ndiyo. Kisha nikamgeukia hakimu na kuuliza, kwa ile sauti tunayofundishwa, ni mtu gani asiye na kosa anayempelekea kuku mtu anayemwita mwizi. Nikakaa.

Ukumbi ulinung'unika, maana watu wote mle ndani walijua, isipokuwa hakimu, karani wake, askari na Bi Kyomuhangi. Na Pulchérie alinitazama, Papa. Angenitazama kwa hasira ningeweza kuvumilia. Alinitazama akiwa anangoja, kama mtu anavyomngoja mkalimani amalizie sentensi. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mimi ni mtoto wa Nakivale. Alidhani nitaendelea. Mimi nikajifanya kutafuta kalamu kwenye mfuko.

Hakimu alisema hukumu atatoa baada ya wiki mbili. Kwenye gari Bi Kyomuhangi alinisifu. Alisema kesi ya kumi hiyo, na kwamba miezi kadhaa gerezani itakuwa funzo kwa waazima vyombo wote wa Juru. Alinipeleka kula chakula cha mchana hapa mjini kunipongeza. Unafikiri waliniletea nini kwenye sahani? Kuku. Paja zima, na mchuzi. Nililitazama lile paja na lenyewe likanitazama. Nilimsogezea Bi Kyomuhangi sahani, nikamwambia nimeshiba.

Siku nne nilizunguka na jambo lile moyoni. Nilijiambia kueleza mila si kazi yangu, ni kazi ya upande wa utetezi. Kisha nikakumbuka kwamba upande wa utetezi ulikuwa mama mwenye cherehani na mtoto anayenyonya. Nilijiambia kwamba huenda kweli aliiba. Kisha nikajiuliza ni nani anayeweza kuficha sufuria ya wanaume wanne ndani ya chumba kimoja chenye cherehani na vitanda viwili. Siku ya tano nilikwenda kwa Bi Kyomuhangi kabla hajavua koti, nikafunga mlango, nikamwambia kila kitu: kuku maana yake nini, na kwamba nilijua tangu nilipofungua faili.

Papa, nilisemwa. Tangu uliponikuta nimechora ndevu kwenye picha ya askofu sijawahi kusemwa namna ile. Alisema serikali hainilipi nifiche ninachojua. Alisema mtu akifungwa kwa ujanja wangu ni mimi nitakayembeba mgongoni, si yeye. Alizunguka meza mara tatu akiniuliza kama nina wazimu. Halafu akakaa, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli watu wanabeba kuku hata wakiwa hawana kosa. Nikasema ndiyo. Akaguna. Akasema basi siku ya hukumu nitasimama palepale nilipokaa na kuyasema hayo kwa mdomo wangu, na kuhusu ripoti yangu ataona.

Siku ile ikafika. Hakimu alikuwa ameshafungua karatasi zake. Nilisimama nikaomba ruhusa, nikasema kwamba kuna jambo ambalo upande wa mashtaka ulilijua na haukulisema, na upande wa mashtaka ni mimi. Nikaeleza kuku ni nini. Hakimu aliweka kalamu chini. Akaniuliza nimelijulia wapi, kwenye kitabu gani. Nikasema si kitabuni, nimelijulia nyumbani, maana baba yangu mwenyewe aliwahi kumpelekea jirani kuku kwa kosa ambalo hakulifanya.

Hapo, Papa, ndipo jina lako lilipoingia. Kutoka dirishani mtu alipaza sauti akasema, ee, huyu ni mtoto wa Papa Mbuzi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, akauliza Papa Mbuzi ni nani, na karani, ambaye huandika kila kitu kinachosemwa, akaandika. Kwa hiyo sasa umo katika kumbukumbu za mahakama ya Jamhuri ya Uganda, na huwezi kufutwa. Nisamehe kwa hilo. Lipo kubwa zaidi linalokuja.

Hakimu alimwita tena bibi Nyirabizimana, akamuuliza kama kuku yule alikuwa na maana kwamba Pulchérie ameiba. Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. Alisema kuku ni wa kumkalisha mtu chini, utaongeaje na mtu aliyesimama? Akasema yeye alimpokea ili amsikilize Pulchérie, lakini kabla ya kumsikiliza polisi wakamchukua kuku, na polisi wangewaachia kuku, yeye na Pulchérie wangekuwa wamemaliza zamani bila kupanda gari la mtu. Hakimu aliinama akaandika muda mrefu, nadhani alikuwa anaficha mdomo wake. Kisha akasema hakuna ushahidi uliobaki, Pulchérie yuko huru. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mtoto wa mgongoni akaamka na kulia. Pulchérie alipopita mbele yangu alinigusa mkono.

Ikabaki shida moja. Hakimu aliagiza kielelezo kirudishwe kwa bibi, maana alikuwa ameshapewa. Askari akakuna kichwa. Akasema kielelezo kimeongezeka. Kumbe wakati sisi tunaahirishaahirisha kesi, kuku alikuwa anataga nyuma ya magunia stoo, akaatamia, na sasa ana vifaranga saba. Baba yao ni jogoo wa jirani wa kituo, ambaye hakuwahi kuhojiwa. Hakimu aliuliza vifaranga ni vya nani, na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nilisema mbele ya mahakama kwamba sijui. Akaamuru wote wamfuate mama yao.

Sasa sikiliza mwisho wake, ambao niliupata wiki iliyopita kwa mwenye boda mmoja wa Juru aliyekuja na kesi yake ya leseni. Sufuria imepatikana. Walioileta ni watu wa kule Rubondo, upande mwingine wa kambi, waliokuwa na msiba na wakabaki nayo mpaka kumaliza matanga. Wameiosha, wameikausha, wameitia na ndizi ndani za kushukuru. Ilikuwa hivi: bibi mwenyewe alikuwa amewaambia wiki ile ya harusi kwamba wakifika wasimkute, waichukue tu hapo kando ya mlango wa jiko. Walifika Jumatatu ileile mchana, wakaikuta imefunikwa pale Pulchérie alipoiacha, wakaichukua. Bibi akasahau. Ana miaka sabini na kitu, na sufuria ile imekwenda kwenye misiba na harusi nyingi kuliko padri.

Unajua alifanya nini? Mwenye boda alisema watu walitoka nje kuangalia. Bibi Nyirabizimana, mkubwa kuliko wote upande ule, alimbeba kuku yuleyule, kikaratasi cha polisi bado kiko mguuni, mjukuu nyuma yake na vifaranga kwenye kikapu, akatembea mpaka kwa Pulchérie. Kupiga magoti alishindwa kwa sababu ya viungo, lakini aliinama mpaka mkono ukagusa udongo. Tangu lini mkubwa akampelekea mdogo kuku? Pulchérie alilia, bibi akalia, halafu wakakaa, na kikao kile kilichokuwa kinangoja tangu mwezi wa kumi na mbili kikakaliwa. Mwenye boda alikuwa anasimulia huku anacheka. Mimi niliingia choo cha ofisi nikajifungia, nikalia kwa aibu.

Sasa, Papa, vua miwani uifute, uivae tena.

Nilikuambia wewe ndiye uliyenifundisha habari ya kuku. Unaikumbuka siku yenyewe, najua, maana imekuachia jina. Nilikuwa darasa la nne. Papa Vénant alikuwa ameanika maharage yake yote ya msimu kwenye bashe, lile turubai lake, mbele ya nyumba, na mbuzi wetu yule wa kahawia akatoka kwenye kigingi, akala nusu na nusu nyingine akaikanyaga. Kwa kuwa wewe na Papa Vénant mlikuwa mmegombana juu ya mpaka wa shamba wiki moja kabla, kila mtu alisema umemfungulia kusudi. Wewe uliapa kwamba ulimfunga. Ulisema ulifunga fundo kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna aliyesadiki, hata Mama alikutazama kwa upande.

Jioni ulimchukua yule kuku wa madoadoa, ambaye mayai yake ndiyo yalikuwa yananinunulia daftari, ukanishika mkono, tukaenda kwa Papa Vénant. Nilikuona unapiga magoti. Nilikusikia unamwambia kwamba hujui kamba ilifunguka vipi, lakini mbuzi ni wako. Tulipokuwa tunarudi nilikuuliza kwa nini umetoa kuku ikiwa hukukosa, na ukaniambia, maneno yako yenyewe: mutoto yangu, ile kuku haiseme ni mimi nilifanya, inasema ninataka tuikale tuongee. Ukanibeba mabegani kuvuka fasi ile, pale penye matope. Mimi juu ya mabega yako nilikuwa nalia, na wewe ulidhani nalilia kuku.

Papa, ni mimi. Mimi na Élyse, binti wa Papa Vénant mwenyewe. Tulitaka kuruka kamba na hatukuwa na kamba. Nilimfungulia mbuzi kamba shingoni na kwenye kigingi, nikajiambia ni dakika tano tu, na mbuzi alikuwa anakula majani kwa utulivu kama malaika. Tuliruka mpaka mia moja na kitu. Tulipogeuka yuko juu ya bashe. Élyse alikimbilia kwao, mimi niliitupa kamba karibu na kigingi nikakimbilia shimoni kwenye mihogo. Tuliapishana tusiseme, na hatujasema mpaka leo. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zinakaribia elfu sita.

Nilidhani nimemficha mtoto mmoja na fimbo moja. Sikujua ninakufanyia nini. Kwa sababu tangu siku ile, Papa, nimekuona ukifunga mbuzi kwa mafundo mawili. Nimekuona ukitoka kwenda shamba, unafika kwenye kona, unarudi kushika kamba. Mara nyingine unarudi mara mbili. Nimekusikia asubuhi ukimuuliza Mama, nilimfunga? na Mama anajibu ulimfunga, na wewe unakwenda kuangalia. Watu wanakuita Papa Mbuzi na unacheka pamoja nao, lakini najua kwamba uliacha kuuamini mkono wako, na mimi ndiye niliyekunyang'anya imani hiyo. Miaka kumi na sita nilikutazama ukirudi kwenye kona ile, nikanyamaza.

Na ndiyo sababu nilinyamaza hata kwa Pulchérie, si kwa kutaka kushinda peke yake. Tangu nikiwa mdogo ilinifaa watu waamini kwamba mwenye kubeba kuku ndiye mwenye kosa, maana walipokuwa wanakutazama wewe hawakunitazama mimi. Nilikuwa nimeshauzoea uongo huo. Lakini ikiwa bibi wa miaka sabini na viungo vibovu ameweza kumbeba kuku akapita mbele ya watu wote, mimi mwenye miguu mizima nangoja nini?

Kwa hiyo anayekuletea barua hii ni Élyse. Amefunga duka lake la vitenge pale Rwekubo leo makusudi, akaja kuichukua hapa mjini. Amebeba kuku wawili. Mwenye madoadoa ni wako. Nilizunguka soko lote la hapa mjini kumtafuta, na nilipompata muuzaji alidhani nina kichaa, maana nilikataa wanene wote. Yule mwekundu ni wa Élyse, anampelekea baba yake, na anaogopa kuliko mimi, kwa hiyo usimcheke sana akifika. Ningekuja mwenyewe leo, lakini kesho asubuhi nina kesi ya mtu aliyemkojolea jirani ukuta. Jumamosi nitakuja kupiga magoti kwa miguu yangu, ukitaka. Kuku ametangulia kuomba kikao.

Bi Kyomuhangi ameshaandika ripoti, kabla hata mwezi wa tano haujafika. Ameandika kwamba nina kichwa kigumu, naongea sana, na nibaki. Sikutaka kuanza barua na habari hiyo kwa sababu ungeisoma hapo, ukakimbilia barabarani, na yaliyobaki yote usingeyasoma.

Msalimie Mama, mwambie sketi yangu imebana na kwamba nampenda. Wasalimie wanakwaya, upele umepona, wasitume majani mengine. Wasalimie wajomba wa Masha pamoja na ndama wao, akizaliwa. Bwana awalinde nyumbani humo na aupe mgongo wako nafuu.

Na barua hii, Papa, ukishaimaliza peke yako, nakuruhusu. Toka nayo nje. Mwite Papa Vénant, waite na majirani, uisome kwa ile sauti yako ya simu, barabara yote isikie: fundo lako lilikuwa zuri. Halikufunguka. Nililifungua mimi.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Nathalie,
mtoto wa mtu anayejua kufunga mbuzi